Nafasi ya Mkeka Mmoja

Garissa,
mwezi wa Rajabu.

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa asubuhi zote nilizokosa kuja kukuamkia. Macho yako je? Yale matone unayatia, au umeyaweka kabatini pamoja na dawa nyingine zote ulizoapa kwamba utazitumia? Na magoti? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimekonda. Ile kanzu uliyonishonea ya Idi sasa naifunga mshipi isinianguke. Na wewe Khadija, mdogo wangu, unayemsomea mama barua hii, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua ulivyo, ukiona jambo litamliza mama unarukia kwenye salamu za majirani. Leo usiruke.

Barua hii haipiti posta. Inaletwa na muuguzi mmoja wa Malindi aliyepewa kibali cha kwenda kujifungua kwao, ameificha katikati ya nguo za mtoto. Ndiyo maana utaniona nimeachia mdomo. Zile nyingine hufunguliwa hapa kabla hazijavuka daraja, kwa hiyo nilikuwa nakuandikia habari za mvua na bei ya sukari, nawe ukadhani mwanao amekuwa mpumbavu.

Swali lako nalijua hata kabla Khadija hajageuza ukurasa. Narudi lini? Sirudi, mama. Si mwezi huu wala muhula huu, na nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya. Nimelisema, sasa kaa vizuri nikueleze limekujaje, maana safari hii nilikuwa na ruhusa mkononi karibu kabisa, nami mwenyewe ndiye niliyeipoteza.

Kwanza ujue tunaishi vipi. Barabara ya kutoka haipitiki ila kwa msafara wa malori yanayolindwa na askari, na hata hayo mengine hukanyaga mabomu yaliyofukiwa. Magharibi ikiingia kila mtu awe ndani. Ukionekana nje huulizwi jina. Watu wa nyikani, wenye ngamia na mbuzi wao, wameletwa wote wakawekwa kwenye kijiji kando ya mji, kimezungushiwa seng'enge na miiba, kina lango moja na askari wake. Ngamia wengi wamechukuliwa. Serikali inasema ni ili wasiwalishe mashifta, wale waasi wa nyikani. Wenyewe wanakaa chini wanatazama waya. Wao wamefungwa kwa waya, mimi kwa karatasi, na sijui ni kipi kinachokatika kwa shida zaidi.

Wanafunzi wangu wanatoka katika kijiji hicho. Lango hufunguliwa asubuhi, mabinti wanatoka kwa mstari na shuka zao kichwani, wanakuja darasani kwangu, wakimaliza wanarudi kwa mstari. Darasa la wasichana ni mimi peke yangu niliyelianzisha, na mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa Machakos, mwema lakini mwoga wa kivuli chake, hakuwahi kuliamini. Tangu mwanzo alinieleza wazi: darasa likiishiwa watoto litafungwa, nami nitapewa uhamisho nirudi pwani. Alilisema kama onyo. Kuna asubuhi, mama, nililisikia kama bishara njema.

Sasa kilichotokea. Tulikuwa katika somo la historia, na kitabu chetu cha historia unakijua kwa kuwa ni kilekile alichosoma Khadija: mzungu mmoja anatembea, anafuatwa na mwingine, anatembea na yeye. Nilikuwa nimefika mahali pa mahema na wapagazi. Habiba akanyoosha mkono. Huyu Habiba ni binti mrefu, mwenye mdomo kama wako ulipokuwa msichana, kwa jinsi ninavyosimuliwa.

"Mwalimu, huyu mzungu, bibi yake iko wapi?"

"Alimwacha kwao."

"Na hema, nani najenga?"

"Wapagazi."

"Wanaume?"

Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakajifunika nyuso kwa shuka. Mimi nimesimama na chaki nisijue wanachocheka. Kumbe kwa watu hawa nyumba ni kazi ya mwanamke tangu mti wa kwanza mpaka mkeka wa mwisho. Ni nyumba ya vijiti vilivyopindwa, imefunikwa mikeka. Mama ndiye anayeijenga, anayeibomoa wakati wa kuhama, anayeipakia juu ya ngamia na kuijenga tena jioni mahali pengine. Mwanamume anayejenga nyumba ni kichekesho kwao, kama kwetu mwanamume kuwa somo wa bibi harusi.

Habiba akamaliza: "Basi hii kitabu nasahau watu wa nyumba."

Lile neno lilinikaa moyoni. Nikaandika kwa ofisi ya elimu kuomba kitabu chochote, kijitabu, picha, kitu cha kuwafundishia watoto habari za wanawake wa zamani. Jibu lilikuja na msafara: hakuna, malori yanabeba unga na risasi kwanza, na walimu watengeneze wenyewe vifaa vya kufundishia kwa vitu vinavyopatikana mahali walipo. Sawa. Nikaamua kutengeneza.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Huku, mtoto akianza tu kusema hufundishwa majina ya baba zake, baba, babu, baba wa babu, kurudi nyuma mpaka unachoka kusikiliza. Wanaita abtirsi. Niliwaambia mabinti wanisomee, wakasoma mmoja baada ya mwingine bila kumeza mate. Kisha nikasema, haya, sasa nisomeeni mama zenu. Mama, wakasema. Ayeyo, wakasema, yaani bibi. Halafu kimya. Habiba alitazama dari, akatazama miguu yake, akakasirika na nafsi yake. Nikafurahi, mama! Nikaona nimepata somo. Nikawapa kazi ya nyumbani: nendeni mkawaulize mama zenu na bibi zenu. Mama yake bibi alikuwa nani? Alizaliwa upande gani? Alichota maji kisima kipi? Ndugu zake wako wapi leo?

Nilijiona hodari siku hiyo. Nilirudi chumbani naimba.

Kesho yake darasa lilikuwa tupu. Nilidhani lango limechelewa kufunguliwa. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Madawati yamejipanga, mimi na ubao. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akasema, bila ubaya, "Mwalimu Zuhura, sasa itabidi niandike. Msafara ujao wa malori una nafasi." Siku ile nililala nikiota harufu ya jiko lako. Sikufichi kitu: nilianza kukunja nguo.

Lakini kulikuwa na jambo linanila. Sikujua nimekosa nini, na mtu hawezi kuondoka mahali hivyo, kama aliyefukuzwa. Nikaomba ruhusa, nikapita lango, nikaingia kijijini. Wanawake waliponiona walinipa migongo. Hata wale waliokuwa wakinipungia mkono barabarani. Mmoja tu ndiye hakugeuka: bibi yake Habiba, Ayeyo Dahabo, mwanamke mzima aliyeletwa kutoka upande wa Bura, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita ngamia, na kila p kinywani mwake hugeuka b. Nikamwamkia. Hakuitika.

"Wewe," akasema, "nani natuma wewe?"

"Hakuna aliyenituma, Ayeyo. Mimi ni mwalimu."

"Abana. Wewe nauliza ndugu yangu iko wabi. Nauliza sisi nakunywa maji kisima gani. Hiyo si swali ya mwalimu. Hiyo ni swali ya askari. Asubuhi naingia hema ile, bwana mkubwa nauliza: wewe mtu wa nani, ndugu yako wabi, kisima gani. Jioni mtoto yangu natoka shule nauliza ileile!"

Mama, ndipo nikaelewa. Maswali yangu yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, ambayo watu hawa huulizwa wakiwa wamepiga magoti mle hemani. Walidhani nimewekwa pale kuwachungulia kupitia watoto wao. Na mimi nikiwaza historia!

Nikamwambia sikujua. Nikaapa. Nikasema nilitaka tu majina ya mama zao yasipotee, niyaandike.

"Jina ya mama yangu nikitoa kwa mdomo, inabanda karatasi," akasema. "Karatasi inabanda lori. Lori naenda wabi, wewe najua?"

Sikujua, na nikamwambia sijui. Kisha akauliza, kwa ukali uleule:

"Na wewe? Mama ya mama ya mama yako, nani?"

Nikafungua mdomo. Wewe nakujua. Bibi Mwanamkuu, Mungu amrehemu, namjua mpaka kovu la kidole. Na mama yake? Nilisimama pale kama mabinti wangu, natafuta juu, natafuta chini. Na wale waliokuwa wamenipa mgongo wakaanza kugeuka mmoja mmoja kuona uso wangu. Mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Haye," akasema Ayeyo. "Wewe bia umekatika. Kaa chini."

Alinikalisha juu ya mikeka iliyokunjwa. Ilikuwa mikeka ya nyumba yake, ile ya kupakiwa juu ya ngamia, sasa ngamia hayupo na mchwa wameanza pembeni. Nikaishika bila kufikiri, nikatafuta upande wa kuanzia kama ulivyonizoesha kwa ukindu wako. Si kama yetu kabisa. Wao huchukua ganda la mgunga, wakalitafuna mpaka lilegee, wakalisokota, na upande wa nje mkeka huachwa na manyoya marefu ili mvua iteleze. Nikamuuliza kwa nini fundo la mmoja linalala kushoto na mengine yote yanalala kulia. Sikuwa naulizia somo, mama. Niliulizia tu kama ningekuuliza wewe barazani.

Uso wake ukabadilika. Akasema aliyeusuka alikuwa mama wa mama yake, mtu wa mkono wa kushoto, na mkeka ule uliingia katika nyumba ya binti yake siku ya kuolewa, ukaingia katika nyumba ya Dahabo, na ungeingia ya Habiba kama kungekuwa na nyumba. Mwingine ulikuwa wa mama yake, aliousuka akiwa na mimba. Akanipitisha mmoja baada ya mwingine, kwa vidole, na jina hata moja hakulitaja. Kina mama wengine wakaanza kuleta yao.

Nikasema, polepole, "Ayeyo, hiki ndicho ninachokitafuta kuwafundishia watoto."

"Basi usiandike," akasema. "Sisi nakuja, najenga."

Mwalimu mkuu alipokuwa akinisikiliza alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nyumba ya kuhamahama, uani mwa shule ya serikali, wakati huu? Mwalimu Zuhura, unanitafutia nini?" Nikamtolea ile barua ya ofisi ya elimu, nikamsomea: vifaa vya kufundishia, kwa vitu vinavyopatikana mahali walipo. Akaisoma mwenyewe. Akaisoma tena. Kisha akaniambia nimwandikie kwamba ni kifaa, si nyumba, na kwamba hakuna atakayelala ndani yake. Nikaandika. Kama siku moja wataniuliza, mimi nilijenga kifaa.

Siku ya kubeba mikeka nilisimama nje ya lango nikingoja. Mabinti walikuja wote, Habiba mbele, kila mmoja na mkeka kichwani, na kina mama nyuma na vijiti. Askari wakawasimamisha. Wakasema ndani ya mikeka mna bunduki. Kuifungua hawakutaka, ni kazi. Wakaichoma kwa singe za bunduki zao, mmoja mmoja. Ule wa bibi wa mkono wa kushoto ulitobolewa katikati. Nilimwona Habiba akiuma mdomo, machozi yanamtoka, na mimi hasira ilinipanda. Sikusema kitu, mama. Ningesema, lango lingefungwa. Mtu akikaa hapa anajifunza kumeza, na mimi sipendi jinsi nilivyozoea.

Uani nilileta uzi na sindano kubwa, nikataka kuushona. Ayeyo akanipiga mkono.

"Wacha. Mtoto ya Habiba atauliza hii tundu ya nani. Habiba atasema."

Wakajenga. Laiti ungewaona! Wanapinda vijiti, wanaimba, mikono haipumziki na midomo vilevile. Mama mmoja akasimulia jinsi alivyojifungua katikati ya kuhama, akafunga mtoto mgongoni na kufika jioni akajenga nyumba kabla mumewe hajamaliza kunywesha wanyama. Mwingine akasimulia habari za shangazi yake aliyekosana na mume, akabomoa nyumba kimyakimya, akaipakia na kuondoka nayo, mume akabaki amekaa juu ya mchanga na fimbo yake na kikombe cha chai. Nyumba ni ya mke, unaona. Mabinti walicheka wakaanguka. Hata mwalimu mkuu, aliyejifanya kupita, alicheka akasahau kuogopa. Mimi nilikuwa nimekaa chini pamoja na wanafunzi, si mwalimu tena, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku nilisahau waya uko upande gani.

Lakini mikeka haikutosha. Upande mmoja, wa mashariki, ulibaki wazi, kiasi cha mkeka mmoja. Nikasema tutaziba kwa gunia. Ayeyo akakataa.

"Hii nafasi si yetu. Hii ni ya mama yako. Nyumba ya mwalimu bila hooyo ya mwalimu, hiyo nyumba gani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakuwa anacheka.

Basi darasa limejaa. Sasa tunasomea mle ndani, na kina mama huja kwa zamu kusimulia, na mabinti wanasuka vipande vidogo vya kujifunzia. Afisa wa elimu alikuja na msafara, akatazama, akafurahi, akapeana mkono na mimi, kisha akaniambia mbele ya wote kwamba uhamisho wangu umefutwa. Darasa likiwa na watoto, mwalimu atakaa. Na mwalimu mwingine wa kike atakayekubali kuja huku hawana. Nilisema asante. Nilipofika chumbani nilifunga mlango nikalia mpaka kamasi zikanikauka. Lori liliondoka na nafasi yangu imewekewa magunia matupu. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, mama, na kila asubuhi watoto hamsini macho yao yananiambia nimefanya vyema, na mimi nataka kukaa barazani kwako tu, unigombeze kwa kutosuka nywele.

Sasa ombi langu. Khadija, usiruke.

Ule mkeka ulio darini, uliokunjwa ndani ya shuka, mkeka wa harusi yangu. Najua ukili wake aliusuka Bibi Mwanamkuu kabla macho yake hayajazimika, na wewe ukaushona, na hujautandaza hata siku moja kwa kuwa unaningoja mimi na bwana harusi. Uushushe, mama. Unitumie. Muuguzi atarudi baada ya arobaini yake na ameniahidi kuubeba. Najua ninachokuomba, na najua utakachokielewa kuhusu harusi na kuhusu kurudi. Nisingeomba kama ningekuwa na la kukudanganya.

Na jambo jingine. Mama yake Bibi Mwanamkuu alikuwa nani? Usiniandikie. Karatasi za huku zinapanda lori. Mwambie Khadija, Khadija alishike kwa moyo, na siku nikirudi alinong'one sikioni mwangu kabla hata sijavua viatu.

Nisalimie mjomba mwenye duka, umwambie chai yake kwa bei ya hapa ingemfilisi. Shangazi wa Mambrui ya juu, aache kuniombea mume na aniombee kibali. Mwalimu wa chuo aliyetufundisha Kurani, umbusu mkono kwa niaba yangu. Na jirani wa maandazi, umwambie naota maandazi yake kuliko ninavyowaota watu wengine wote, ila wewe.

Mkiufunga mkeka, msiukaze kamba sana, huenda askari wa lango akaona wepesi kuufungua kuliko kuuchoma. Lakini asipoona, usiulilie. Upepo wa mashariki unaingia kwa ile nafasi, unanipiga mgongoni nikiwa nafundisha, na mabinti kila siku wananiuliza mama yako anakuja lini. Ukifika umetobolewa, hatutaushona. Tutaufunga palepale na tundu lake.

Ni mimi mwanao unayenijua,
Zuhura